Pampu ya Mheshimiwa: uchambuzi wa kisa cha zawadi iliyotolewa kabla ya uchaguzi

Kisa hiki kilitokea katika kata moja ya vijijini, mkoani Dodoma. Nimeondoa majina ya watu, kijiji, shule, chama na ofisi zote zilizohusika, na tarehe kamili nimeziacha nje. Wakati huo nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kwa hiyo mengi niliyaona mwenyewe na machache niliyakosea mwenyewe. Nimekuwa nikikisimulia kwenye mafunzo ya kamati za vijiji na za shule, na kila mara wajumbe hubishana hadi muda unatuishia. Ndiyo maana nimeona nikiandike chote.

Mazingira

Kata ina vijiji vitatu. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Watu wanalima uwele, mtama, karanga na alizeti, na wanafuga. Kijiji ninachokizungumzia kilikuwa na kisima kirefu kimoja chenye pampu ya kuzamishwa iliyoendeshwa kwa jenereta, na magati manne ya kuchotea. Dumu la lita 20 lilikuwa shilingi 50. Fedha hizo zilikusanywa na kamati ya maji, nazo zilitosha dizeli na posho ya mlinzi. Akiba iliyobaki ilikuwa ndogo sana.

Mwaka wenyewe ulikuwa 2020, mwaka wa Uchaguzi Mkuu. Kura za maoni ndani ya vyama zilikuwa zinakaribia, na kila mtu kijijini alijua nani anataka kuchukua fomu ya udiwani. Mmoja wao alikuwa mfanyabiashara wa alizeti, mzaliwa wa pale pale, mwenye mashine ya kukamua mafuta na magari mawili ya mizigo. Tangu mwanzo nataka msomaji amwelewe vizuri mtu huyu. Kwenye misiba alikuwa anafika kabla hajaitwa. Miaka ya njaa alikuwa anakopesha mahindi bila riba. Ukikisoma kisa hiki ukitafuta mtu mbaya, utapitwa na somo lake.

Mota ilipoungua

Mwishoni mwa Mei mota ya pampu iliungua. Fundi aliyetoka mjini aliivuta juu, akaipima, akasema haifai kusukwa tena. Pampu mpya pamoja na mota yake ilikuwa shilingi milioni 6.4, bila ufundi. Kitabu cha kamati ya maji kilikuwa na milioni 1.1.

Wanawake walirudi korongoni. Kwa asiyewahi kuona: unachimba shimo kwenye mchanga wa mto mkavu, unakaa kwenye ukingo wake na kata ya kuchotea mkononi, unasubiri maji yajikusanye chini kiasi cha kujaza kata moja, unachota, unasubiri tena. Dumu moja lilikuwa linachukua nusu saa, na wengine walikuwa wanatoka nyumbani saa tisa usiku ili wawahi mashimo kabla ng'ombe hawajafika. Wenye punda walianza kuuza dumu kwa shilingi 500. Shuleni watoto waliambiwa kila mmoja aje na chupa yake.

Mtendaji wa kijiji aliandika barua ya kuomba msaada ngazi ya juu. Jibu lilikuja kwamba suala litaingizwa kwenye mpango wa mwaka wa fedha unaofuata.

Wiki ya pili, Mwenyekiti wa kijiji akatuita ofisini. Mfanyabiashara alikuwa amempigia simu: pampu ameshainunua, iko kwenye gari, anauliza ailete lini.

Kikao cha halmashauri ya kijiji

Wajumbe walikaa kwenye mabenchi nje ya ofisi kwa sababu ndani palikuwa padogo. Mzee mmoja, aliyewahi kuwa balozi wa nyumba kumi miaka mingi, alisema kilichokuwa moyoni mwa wengi: "Mkono mtupu haulambwi. Mtu ametuona tuna kiu ametuletea maji, sisi tunakaa kumjadili?"

Mtendaji, binti wa umri wa wanawe, alimjibu kwa adabu yote. "Shikamoo mzee wangu. Mimi maji siyakatai. Naogopa kupokea kitu ambacho sijui kijiji kitakilipaje."

"Nani kasema kinalipwa? Ni zawadi."

"Ndiyo baba. Lakini mwezi ujao mwenye zawadi anakuja kuomba kura."

Kikao kikachafuka kidogo hapo. Wapo walioona Mtendaji anatumiwa na mgombea mwingine. Aliyetuliza alikuwa mhazini wa kamati ya maji, mama mmoja mkulima wa karanga ambaye nitamwita Mama Mhazini. Alisema pampu ipokelewe, ila mtoaji aandike barua, na kijiji nacho kiandike.

Tukakubaliana hivi: barua ya zawadi ielekezwe kwa serikali ya kijiji na si kwa "wananchi" tu, stakabadhi ya ununuzi iambatanishwe ili thamani ijulikane, pampu iingizwe kwenye kitabu cha mali za kijiji, na siku ya kufungwa kusiwe na hotuba wala sherehe. Mwenyekiti alipewa kazi ya kumweleza mtoaji masharti hayo.

Mimi nikaombwa kuandika rasimu ya barua ya kupokea. Niliweka mstari unaosema mtoaji ameeleza nia yake ya kugombea udiwani, na kwamba kupokea pampu hakukifungi kijiji kwa lolote. Mwenyekiti aliusoma, akaukunja uso. "Hilo kila mtu analijua, mwanangu. Kuliandika ni kumwaibisha mtu." Nikaufuta. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu ndilo kosa langu kubwa katika kisa kizima.

Siku ya maji

Jumamosi iliyofuata gari lilifika na pampu, mafundi, na vitu ambavyo hatukukubaliana: spika mbili, kikundi cha ngoma, na vijana kumi na kitu waliovaa fulana mpya zenye jina la mtoaji. Nembo ya chama haikuwepo. Mafundi walifanya kazi hadi saa kumi jioni. Maji yalipotoka kwenye gati la kwanza akina mama walipiga vigelegele, na sitadanganya, na mimi nilitokwa na machozi.

Kisha akapewa kipaza sauti. Maneno yake yalikuwa machache: "Mimi siombi chochote. Ila mwezi ujao mtaniona nikirudi, msinisahau." Kijana mmoja alirekodi kwa simu.

Jioni ile ile, kabla vumbi halijatulia, fundi rangi alikuwa anaandika jina la mtoaji kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa kibanda cha pampu, herufi za urefu wa mkono. Hakuna aliyemruhusu, na hakuna aliyemkataza. Kuanzia siku hiyo mtu akiulizwa anatoka wapi na dumu kichwani hakusema tena "kisimani". Alisema "kwa fulani".

Kuna aliyetoa taarifa kwa mamlaka husika. Watu wawili walikuja, wakachukua maelezo yetu, wakaangalia video, wakaondoka. Kijiji hakikuletewa mrejesho wowote, si kwamba kuna kosa wala kwamba hakuna. Mtoaji alishinda kura za maoni, na Oktoba akawa diwani. Toka hapo kibanda kikaitwa "pampu ya Mheshimiwa".

Mfuko wa saruji

Miezi kumi na saba baada ya pampu, mwishoni mwa 2021, shule ya kata ilipata fedha za kujenga madarasa mawili. Wengi mtakumbuka zile fedha za mpango wa UVIKO-19, za mkopo wa trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, zilizojenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa shilingi milioni 20 kila moja. Kwetu zilikuja milioni 40, pamoja na maagizo makali: watoto wa kidato cha kwanza waingie Januari, madarasa yawe tayari.

Ujenzi ulikuwa wa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe, chini ya kamati tatu za wananchi na walimu: ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Mama Mhazini alichaguliwa kwenye kamati ya manunuzi.

Kikao cha kwanza kilikuta profoma moja tu mezani, yaani karatasi ya bei kutoka kwa muuzaji. Ilitoka kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mdogo wake Diwani, duka lililofunguliwa mwaka ule ule. Saruji ilikuwa shilingi 17,500 kwa mfuko. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuwa mjumbe wa kamati ile ila alialikwa, alisema muda hakuna, duka liko jirani, watu wasaini.

Mama Mhazini akafungua daftari la mkono, lile la kuandikia fedha za maji. Kwenye jalada la nyuma alikuwa ameandika kwa kalamu bei tatu za mjini. Siku mbili kabla alikuwa amepanda bodaboda kwa fedha yake mwenyewe, akaingia maduka matatu na kuuliza. Duka la bei ya chini, pamoja na kuleta mzigo hadi shuleni, lilikuwa na saruji kwa 16,000, bati kwa pungufu ya 3,000 kila moja, na nondo kwa pungufu ya 2,000. Kwa mifuko 320, bati 96 na nondo 60, tofauti ilikuwa shilingi 888,000. Alisoma hesabu ile polepole, tarakimu kwa tarakimu, kama anavyosoma mapato ya maji kwenye mkutano wa kijiji.

Ndipo Mwenyekiti akasema sentensi ambayo sitaisahau: "Aliyetupa maji, leo tumnyime saruji?"

Hakuna aliyejibu. Mwalimu mkuu alitazama chini. Mjumbe mmoja alianza kuvuta kalamu ili asaini.

Maamuzi, na sababu zake

Niliomba kikao kiahirishwe hadi asubuhi. Nilikuwa mwalikwa kama mtaalamu, sina kura, lakini nilikuwa na haki ya kushauri, na niliomba ushauri wangu uandikwe kwenye muhtasari: kwamba profoma ziwe zisizopungua tatu, na kwamba mtu mwenye uhusiano na muuzaji autamke uhusiano huo kwa maandishi. Kwa nini sikupinga palepale? Kwa sababu mbele ya watu, chini ya sentensi ile, mjumbe yeyote angeonekana ama mkosefu wa shukrani ama mfuasi wa upande wa pili. Wajumbe walihitaji usiku mmoja ili warudi na karatasi, wajibu kwa bei.

Jioni nilimpigia Diwani. Mazungumzo hayakuwa mepesi.

"Mheshimiwa, nakuomba radhi kwa kukusumbua jioni. Kuna profoma ya mdogo wako kwenye kamati ya shule."

"Mimi sikumtuma."

"Nakuamini Mheshimiwa. Naomba neno hilo uliandike."

Alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza aandike nini hasa. Nikamweleza: ataje undugu, aseme hahusiki na uchaguzi wa muuzaji, na kwamba hatahudhuria kikao chochote cha ununuzi ule. Asubuhi dereva wake alileta barua ya aya moja, imesainiwa.

Mwalimu mkuu aliamua kusogeza ununuzi kwa siku nne ili profoma zipatikane rasmi. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anapigiwa simu kila siku kuulizwa ujenzi umefikia wapi.

Matokeo

Duka la mjini lilipata kazi. Fedha zilizookolewa zilinunua madawati kumi na mawili. Madarasa yalichelewa, yakakamilika wiki mbili baada ya shule kufunguliwa, na mwalimu mkuu alisemwa kwa hilo.

Mama Mhazini alilipa zaidi ya wote. Kwenye gati baadhi ya wanawake wenzake walimwambia akachote kwa huyo muuza saruji wake wa mjini. Kanisani kuna waliohama benchi. Mwaka uliofuata aliomba kupumzika kwenye kamati ya maji, baada ya kuitumikia miaka sita bila senti kupotea.

Machi 2022 mkutano mkuu wa kijiji ulijadili jina lililoandikwa ukutani. Ulikuwa mjadala mkali kuliko ule wa madarasa. Mwishowe iliamuliwa kibanda kipakwe chokaa na kiandikwe "Mali ya Kijiji", na kwamba zawadi yoyote kubwa kwa kijiji katika mwaka wa uchaguzi ipitishwe na mkutano mkuu, mtoaji akitamka kwa maandishi kama anagombea au la.

Uchambuzi: sheria ilisemaje

Wajumbe wengi huniuliza kama kutoa pampu kulikuwa kosa. Swali hilo lina historia yake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu "takrima", yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura kwa mujibu wa mila. Kwa miaka kadhaa vinywaji, vyakula na kanga vikapita kwa jina hilo. Asasi tatu zikiongozwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zilifungua kesi, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume cha Katiba, moja ya sababu ikiwa kwamba vinambagua mgombea maskini mbele ya tajiri. Yule mzee wa "mkono mtupu haulambwi" alikuwa anatetea mila ya kweli, mila ya mgeni na mwenyeji. Mahakama ililenga matumizi ya mila hiyo kwenye kinyang'anyiro cha kura, mahali ambapo mwenyeji anatakiwa kuamua kati ya wageni kadhaa, na mmoja wao tu ndiye mwenye mbuzi wa kuchinja.

Kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Na. 6 ya 2010, iliyosainiwa na Rais Jakaya Kikwete, chini ya usimamizi wa Msajili wa Vyama vya Siasa. Sheria hiyo haisubiri kampeni zianze. Inagusa hata mchakato wa uteuzi ndani ya chama. Inakataza kutoa vitu kwa lengo la kushawishi wapiga kura, inampa waziri mamlaka ya kuweka kiwango cha juu cha matumizi, na inamtaka mgombea akieleze chama chake fedha anazotumia, kisha chama kitoe hesabu kwa Msajili.

Kwa jicho la sheria hiyo, maneno "msinisahau", fulana na spika vina uzito kuliko pampu yenyewe. Ndivyo vinavyoifanya pampu kuwa gharama ya uchaguzi. Ila angalia njia ambayo taarifa inapita: kutoka kwa mgombea kwenda kwenye chama, kutoka chama kwenda kwa Msajili. Kijiji kilichopokea hakimo kwenye njia hiyo. Milioni 6.4 ziliingia kwenye kitabu chetu cha mali, na hakuna mahali ambapo kitabu chetu kingekutana na hesabu za mgombea vikalinganishwa. Kama ningekuwa na nafasi ya kupendekeza badiliko moja la sheria, lingekuwa hilo: serikali ya kijiji au mtaa inayopokea kitu katika mwaka wa uchaguzi itume nakala ya stakabadhi kwa Msajili.

Upande wa maadili hali ni kama hiyo. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995, inamhesabu diwani kuwa kiongozi wa umma. Anajaza tamko la mali na madeni anapoingia madarakani, na tena kila mwisho wa mwaka, analipeleka Sekretarieti ya Maadili. Tamko hilo linahusu mali zake, za mwenza wake, na za watoto wake wadogo ambao hawajaoa au kuolewa. Duka la mdogo wake halimo. Diwani wetu angeweza kujaza fomu yake kwa ukweli mtupu na undugu ule usionekane popote. Kwenye vikao vya halmashauri kanuni zinamtaka diwani atangaze maslahi yake, lakini kamati ya manunuzi ya shule si kikao cha halmashauri, na yeye hakuwemo. Maslahi yalipita kwenye pengo la katikati, ambako kulikuwa na sentensi ya Mwenyekiti tu.

Wazee waliokuwepo enzi za Azimio la Arusha hunikumbusha kwamba mwaka 1967 kiongozi alikuwa na miiko: asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni. Miiko ile ililegezwa kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Tangu hapo kiongozi anaruhusiwa kufanya biashara na tunamtaka aitenganishe na uongozi. Ni kazi ngumu zaidi kuisimamia kuliko katazo, na tumeiacha kwa kiasi kikubwa mikononi mwa watu kama Mama Mhazini, wenye nauli ya bodaboda na jalada la daftari.

Uchambuzi: tulipopatia na tulipokosea

Barua na stakabadhi zilitusaidia. Bila hizo, mkutano mkuu wa 2022 usingekuwa na uhalali wa kuandika "Mali ya Kijiji" ukutani, maana kuna waliodai pampu ni ya Diwani na akishindwa uchaguzi ataing'oa. Mtendaji alitoa kitabu cha mali, akasoma ukurasa, mabishano yakaisha.

Mahali pa kukosea, naanza na mimi. Mstari nilioufuta ndio ungemjibu Mwenyekiti. Fikiria kama siku ile ya saruji ningefungua faili nikasoma, kwa saini yake mwenyewe, kwamba kupokea pampu hakukifungi kijiji kwa lolote. Niliufuta kwa kuogopa kumwaibisha mtu, na kwa hiyo deni likabaki halijaandikwa, na deni ambalo halijaandikwa halina kiwango wala siku ya kuisha. Lilikuja kudaiwa kwa watoto wa shule, ambao pampu haikununuliwa kwa ajili ya kura zao.

Kosa la pili ni masharti bila msimamizi. Tulisema kusiwe na sherehe, tukampa ujumbe Mwenyekiti peke yake, tukaenda kushangaa siku ya tukio. Hadi leo sijui kama aliufikisha. Mtendaji alipaswa kupewa mamlaka, kwa muhtasari, ya kusimamisha kazi endapo masharti yangevunjwa. Hata hivyo najiuliza: maji yakiwa futi chache kutoka juu, akina mama wamesimama na ndoo, nani angesema "simamisheni"? Ndiyo maana makubaliano ya aina hii lazima yafungwe kabla gari halijafika.

Kuhusu taarifa iliyotolewa kwa mamlaka na kukosa mrejesho, nina jambo moja tu la kusema. Ukimya ule ulisomwa kijijini kama ruhusa. Kwa watu wa kawaida, uchunguzi uliofunguliwa na kunyamaziwa ni sawa na kuambiwa hakuna kosa.

Jambo ambalo limenifikirisha zaidi kuliko yote ni barua ya Diwani. Nilitegemea vitisho, nikapata aya moja iliyosainiwa. Nimezungumza naye mara kadhaa tangu wakati ule. Aliniambia kwamba na yeye alikuwa amebanwa: mdogo wake alikuwa anamwambia watu wanashangaa diwani mzima ndugu yake hana kazi, wapiga kura walikuwa wanamdai ada na rambirambi kila Jumatatu mlangoni, na hakuna aliyewahi kumpa njia ya kukataa isiyomgombanisha na mtu. Barua ilimpa njia hiyo. Alimwonyesha mdogo wake nakala na kumwambia serikali imekataa. Siku hizi nikifundisha kamati huwa nawaambia waitake barua ya kutangaza maslahi kabla ya profoma kufunguliwa, na waitake kwa wote, hata kwa asiye na ndugu muuzaji, ili isionekane mtu ametuhumiwa.

Mama Mhazini tulimwacha peke yake. Hesabu ilikuwa yake, safari ilikuwa yake, na lawama zikawa zake. Ilitosha kamati kutuma watu watatu kuuliza bei na muhtasari kusema "kamati ilibaini", naye angeendelea kuchota maji kwa amani.

Baada ya hapo

Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, mtu mwingine alijitokeza kutaka kuifungia zahanati ya kijiji umeme wa sola. Mtendaji mpya alitoa barua ya kijiji, safari hii na ule mstari ndani yake. Mtu yule aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka mfukoni, akasema ataenda kuifikiria. Hakurudi. Zahanati ilikaa bila taa miezi mingine saba, hadi ilipopata fedha za halmashauri. Wapo kijijini wanaotulaumu kwa hilo, na mama aliyejifungua kwa mwanga wa tochi ya simu katika miezi ile ana haki ya kutuuliza. Nilienda kumwona mtoto. Mama yake aliniuliza, nikamweleza yote, kuanzia pampu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema ameelewa, ila siku ile alihitaji taa.